Barua Isiyomwita Kompadre

Eudes Maestre alisimama kwenye foleni ya benki saa nzima na dakika arobaini, na Alhamisi hiyo feni ya benki ilikuwa imeharibika. Namba yake ilipoitwa hatimaye, alisogea dirishani, akaweka fomu juu ya kaunta na kuinyoosha pembe kwa kiganja. Msichana wa dirishani alinyoosha mkono kuichukua, lakini mkono wa Ubaldina, dada yake Eudes, ulifika kwanza. Ubaldina aliikunja fomu mara mbili, akaitumbukiza kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Hatutumi," alisema.

Eudes alitazama dari, kisha akamtazama dada yake. "Dada Uba," alisema polepole, kama mtu anayembembeleza mbuzi aliyepanda mezani, "fomu imejaa. Sahihi nimetia. Hela ipo. Amebaki huyu binti kubonyeza tu."

"Ndiyo maana nimeichukua kabla hajabonyeza."

Nyuma yao watu walianza kusonya. Mzee mmoja aliuliza kama mume na mke hawana nyumba ya kwenda kugombana. Ubaldina alimgeukia, akamwambia kwamba huyu ni mdogo wake, na kama angekuwa mume, angekuwa ameshamfukuza zamani. Kisha akatoka, na Eudes akamfuata, kwa sababu mkoba ulikuwa naye.

Barazani, kwenye jua, Ubaldina alieleza kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Akaunti ile si ya siku zote. Miaka ishirini na miwili wamelipa kiwandani Ujerumani kwa akaunti moja, benki moja, na karani mmoja. Juzi imekuja baruapepe inasema benki imebadilika, akaunti imebadilika, tafadhali tumeni kwenye hii mpya. Nani amesema? Nani amehakikisha?

"Barua imesema," Eudes alijibu.

"Na yule wa vipuri vya pikipiki aliambiwa na nani? Si barua? Milioni arobaini za peso, Eudes. Mpaka leo anauza juisi ya embe nje ya duka lililokuwa lake."

"Yule aliandikiana na mtu asiyemjua. Mimi nalipa kwa komadre wangu kule kiwandani."

"Basi tumpigie komadre wako."

"Mpigie. Nani kakukataza kupiga?"

"Namba iko kwenye daftari, daftari liko nyumbani."

"Iko pia hapa chini ya barua."

"Namba ya chini ya barua itakupeleka kwa aliyeandika barua," alisema Ubaldina, na akaanza kutembea.

Walipofika karakana yao, iliyo nyumbani humohumo, ilikuwa saa nne na robo. Ujerumani wako mbele kwa saa sita, na kiwanda hufunga saa kumi jioni. Simu iliita mpaka ikakata. Eudes aliketi kwenye kigoda chake cha kazi, akakandamiza vidole kwenye kope za macho. Alikuwa na maneno mengi tu, ila aliyehitaji kuyasikia alikuwa dada yake mkubwa.

Eudes alikuwa fundi wa kodiani, kama baba yao. Kodiani zenyewe haziundwi Valledupar, mjini kwao. Zinatoka kwa Wajerumani, zimefungwa kwenye maboksi yanayonuka gundi. Zikifika, Eudes huzipasua, hutoa ndimi zake za chuma, na kuzikwangua moja moja mpaka ziache kulia kama za kanisani na zianze kulia kama watu wa hapa wanavyotaka. Kila mwaka tamasha la kodiani la mwisho wa Aprili linapokaribia, wapigaji hufika kwake wakitaka chombo kipya. Mwaka ule walikuwa kumi na wawili. Wote walikuwa wamemkabidhi hela mkononi, bila hati, kwa sababu yeye ni mtoto wa fundi Maestre. Jumla ilikuwa milioni themanini na nne, na zilibaki wiki sita.

Mmoja wao alikuwa Argemiro, mfugaji kutoka upande wa mlimani. Alikuwa ameuza ng'ombe wanne kumnunulia binti yake, Yelitza, kodiani ya kushindania kwa mara ya kwanza. Tangu auze ng'ombe alikuwa hana la kufanya, basi alikuja karakana kila siku, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na kuomba kahawa.

"Imeshaondoka?" aliuliza siku ile.

"Muulize huyu," Eudes alisema, akimwelekeza kidole Ubaldina.

"Bado tunahakiki," alisema Ubaldina.

"Mama, ng'ombe wangu walihakikiwa kwa dakika mbili. Mtu aliwafungua mdomo, akatazama meno, akalipa."

"Na kama angemlipa mtu mwingine badala yako?"

Argemiro alifikiri. "Hapo pangekuwa na maneno," alikubali, akanyoosha kikombe aongezewe.

Kilichomkera Eudes kuliko yote ni kwamba dada yake alikuwa hivyo katika kila jambo. Kodiani ya hapa ina tabia moja: kitufe kilekile hutoa sauti moja mvukuto ukifunguka na sauti nyingine ukifungwa. Kwa hiyo kila ulimi hupimwa mara mbili, kwa kufungua na kwa kufunga. Kazi hiyo Ubaldina aliifanya kwa baba yao tangu akiwa na miaka tisa, na haikumtoka tena. Namba yoyote iliyopita mbele yake aliisoma kwa kwenda, kisha akaisoma kwa kurudi. Namba za simu, bili ya umeme, tiketi za bahati nasibu. Akaunti za Ujerumani zina herufi mbili na tarakimu ishirini. Kila mwaka, kabla ya kutuma, aliweka rula chini ya mstari na kumlazimisha Eudes asikilize zote, kwenda na kurudi, hata kama alikuwa na ulimi wa chuma kati ya meno.

"Kuna jambo jingine," alisema jioni ile, akiwa na barua mkononi. "Hannelore hajawahi kukuandikia bila kuanza na 'Kompadre'."

Hilo lilikuwa kweli. Hannelore alikuwa karani wa mauzo wa kiwanda, na Kihispania chake alijifunza kwa kaseti na kwa barua za Eudes. Binti wa Eudes alipozaliwa, mzigo wa kodiani ulikuwa umefika wiki hiyohiyo bila kasoro hata moja, na Eudes kwa furaha akampigia simu na kumwomba awe mama wa ubatizo. Mwanamke yule alicheka, akaomba siku mbili za kufikiri, akakubali. Ubaldina alisimama kanisani kwa niaba yake. Tangu siku ile wakawa kompadre na komadre, kama wanavyoitana mzazi na mama wa ubatizo, ingawa hawakuwahi kuonana, na kila Desemba ilifika kalenda yenye picha za theluji, ambayo Eudes aliitundika juu ya benchi lake la kazi katika joto la nyuzi thelathini na nane.

"Hii inasema 'Mteja Mheshimiwa'," Ubaldina aliendelea. "Na chini ametia sahihi mtu anaitwa S. Albrecht."

"Atakuwa likizo. Mtu ana haki ya likizo."

"Na kalenda?"

Eudes aliinua macho. Juu ya benchi ilining'inia kalenda ya mwaka uliopita, bado kwenye Desemba, mti mweupe na kibanda.

"Posta," alisema. "Unajua posta ilivyo."

Ijumaa kiwanda hufunga adhuhuri, yaani saa kumi na mbili asubuhi ya Valledupar. Ubaldina alimwamsha saa kumi na moja na nusu. Walikaa wawili mezani, simu katikati, spika imewashwa. Sauti iliyorekodiwa ilizungumza Kijerumani kwa muda mrefu, ikataja namba, ikapiga muziki. Ubaldina alibonyeza moja, muziki ukaendelea. Alibonyeza tatu, sauti ikaanza upya tangu mwanzo. Alipobonyeza tano, mtu halisi alisema kitu, na papo hapo salio la simu likaisha.

Eudes alikwenda kununua salio. Duka la kona lilikuwa halijafunguliwa, akasimama na kaptula yake ya kulalia kumgongea mwenye duka dirishani. Aliporudi ilikuwa saa kumi na mbili na dakika sita, na Ujerumani walikuwa wameshakwenda kula.

"Sasa mpaka Jumatatu," alisema. "Na Jumatatu ni mapumziko ya Mtakatifu Yosefu, benki haifungui. Jumanne basi. Siku tano, Dada Uba. Euro inapanda kila siku. Nikikosa tamasha kwa ajili ya 'Mteja Mheshimiwa', wewe ndiye utakayewaeleza watu kumi na wawili."

"Nitawaeleza."

"Na Argemiro utamrudishia ng'ombe?"

"Afadhali nimweleze Argemiro kwamba hela imechelewa kuliko kumweleza kwamba haipo."

Jumamosi Eudes aliona imetosha. Benki moja ndani ya jengo la maduka makubwa hufungua Jumamosi hadi adhuhuri. Alivaa shati, akapiga nakala ya barua kwenye duka la jirani, akajaza fomu mpya kwa mkono wake mwenyewe, na akiwa mlangoni akapapasa mfuko wa nyuma. Kitambulisho hakikuwepo. Alirudi chumbani. Alitafuta kwenye suruali ya jana, kwenye droo, kwenye boksi la ndimi za chuma, chini ya godoro. Kisha akasimama katikati ya chumba, akaelewa.

"Kiko wapi?"

Ubaldina alikuwa anamenya ndizi. "Nimelalia."

"Umekilalia."

"Ndani ya foronya. Nilijua Jumamosi ingekushinda."

Eudes alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa na mjukuu. Alikaa kwenye ngazi ya uani, shati lake la pasi likilowa jasho mgongoni, na Argemiro, ambaye hakuna aliyemsikia akiingia, alimletea kahawa ya nyumba hiyohiyo.

"Kunywa, fundi," alisema. "Mke wangu mie alinifichia panga miaka kumi. Mpaka leo sijui alifikiri nitamkata nani."

Tangu hapo mpaka Jumatatu Eudes hakuongea na dada yake. Alikwangua ndimi na kufunga mivukuto ya zamani, na alipotaka chumvi mezani alimwomba Argemiro.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mji ukiwa umelala kwa ajili ya sikukuu, walipiga tena. Ubaldina alisoma namba ya daftarini kwa kwenda na kwa kurudi kabla ya kuibonyeza. Mara hii ilipokelewa upesi. Sauti ya msichana. Ubaldina alitaja jina moja tu, taratibu: Hannelore.

Kisha msichana akauliza kwa Kihispania cha darasani, kila neno likija peke yake, "Nani anaongea, tafadhali?"

"Valledupar. Karakana ya Maestre. Tunataka kuongea na bibi Hannelore wa mauzo. Ni habari ya akaunti."

"Mimi ni Silke Albrecht," alisema msichana. "Nimeshika nafasi yake. Samahani sana. Bibi Hannelore alifariki mwezi wa kwanza. Alikuwa mgonjwa tangu vuli, lakini alikuja kazini mpaka wiki ya Krismasi."

Ubaldina aliondoa mkono kwenye daftari. Argemiro, pale mlangoni, alivua kofia. Eudes alibaki ameshika kisu chake kidogo cha kukwangulia, akakitazama kana kwamba mtu amemwekea mkononi sasa hivi, kisha akakaa juu ya boksi tupu.

Ubaldina ndiye aliyeendelea, kwa sababu simu ilikuwa inakula salio. Alitoa pole. Akauliza kama alikuwa na watoto. Hakuwa nao. Akauliza akaunti mpya ni ya kweli, na msichana akasema ndiyo, kiwanda kimebadilisha benki tangu Februari, wateja wote wameandikiwa.

"Basi isome," alisema Ubaldina. "Usiiangalie barua uliyotuma. Isome kutoka kwenye karatasi ya benki."

Msichana aliisoma. Ubaldina alisogeza rula chini ya mstari. Herufi mbili, tarakimu ishirini, zote zilikuwa sawa.

"Sasa kwa kurudi."

"Samahani?"

"Kutoka mwisho kuja mwanzo."

Msichana alicheka kidogo, halafu akaacha, na akaisoma kwa kurudi. Zilikuwa sawa. Safari hii Eudes alizisikiliza tarakimu zote arobaini bila kulazimishwa.

"Na mzigo utatoka lini?" aliuliza Ubaldina.

"Oda zinazoingia wiki hii zinatoka katikati ya Mei."

Argemiro alifumba macho. Mei ilikuwa baada ya tamasha. Eudes alinyanyuka, akachukua simu mkononi mwa dada yake. Alitaka kusema kwamba miaka ishirini na miwili oda yake imekuwa ikitoka kwa wiki mbili, lakini kilichomtoka ni kingine.

"Binti," alisema, "alizikwa wapi?"

Msichana alimtajia mji ambao Eudes hakuujua. Kisha sauti yake ikasogea mbali, kama anayegeuka kutazama kitu nyuma yake.

"Bwana, samahani. Wewe ndiye Kompadre?"

"Ndiye mimi."

"Huku ghalani kuna maboksi kumi, yamefungwa kamba, yana karatasi. Kila mtu alikuwa akiuliza ya nani. Tulifikiri ni jina la duka." Akasoma, kwa uangalifu: "'Kompadre. Yasiuzwe. Huchelewa kila mwaka.' Ni mwandiko wake."

Nje mtu alipita na mkokoteni wa parachichi akinadi kwa uvivu.

"Mkilipa kesho," alisema Silke Albrecht, "Jumatano yanapanda ndege."

Simu ilipokatika, Eudes alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kama angetuma Alhamisi, hela ingefika salama, na "Mteja Mheshimiwa" angekaa kwenye foleni ya Mei kama wengine, na angekuwa akimlaani komadre wake aliyekwisha kuzikwa.

"Kitambulisho changu," alisema.

Ubaldina alikitoa kwenye sidiria, kikiwa na joto, akampa.

Jioni ileile walianza maombi ya marehemu ya usiku tisa. Yalikuwa yamechelewa kwa miezi miwili, lakini Ubaldina alisema marehemu mwenyewe aliwazoea wachelewaji. Walitandika shuka jeupe ukutani, wakaweka mshumaa na bilauri ya maji kwa ajili ya roho yenye kiu. Ilipofika kuweka picha wakagundua hawana. Hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Eudes alipekua faili mpaka akapata ankara ya mwaka uliopita, ile yenye sahihi ya wino wa buluu na neno "Kompadre" juu kabisa, na chini akaunti ya zamani ambayo sasa imefungwa. Akaiegemeza kwenye bilauri.

Argemiro alikuja na mke wake na Yelitza. Alitazama madhabahu. "Wajerumani wa kule si Walutheri?" alinong'ona. "Mtamsomea Mlutheri rozari?"

"Huko aliko ameshaulizwa," alisema Ubaldina. "Hapa hatuulizi. Kaa."

Jumanne feni ya benki ilikuwa bado haijatengenezwa. Eudes alifika dirishani baada ya kusimama karibu saa mbili. Msichana alichukua fomu, akaanza kunakili akaunti kwenye kompyuta, na alipomaliza akaweka kidole juu ya kitufe.

"Ngoja," alisema Eudes. "Nisomee ulichoandika."

Alimsomea. Eudes alifuatisha kwa kucha.

"Sasa kwa kurudi."

Nyuma yake foleni nzima ilisonya kwa pamoja. Mzee mmoja, pengine yuleyule wa Alhamisi, alisema kwamba afadhali siku ile walikuwa wawili, walimaliza haraka. Eudes hakugeuka. Ubaldina, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlinzi, alijipepea na kitabu cha rozari na kutazama pembeni, kama mtu asiyemfahamu kabisa.

Maboksi yalifika yakiwa kumi. Watu wawili walibaki bila kodiani, wakarudishiwa hela yao mbele ya mashahidi, na mmoja wao mpaka leo akikutana na Eudes njiani huvuka barabara. Yelitza alipata ya tatu kupasuliwa. Eudes alikesha nayo siku nne, Ubaldina akipima ndimi kwa kufungua na kwa kufunga, na Argemiro akiuliza kila saa kama imekwisha, mpaka akafukuzwa.

Ndani ya boksi la kwanza, juu ya mvukuto, Silke alikuwa ameiweka ile karatasi. Eudes aliisoma akiwa amesimama. Kisha akapanda kwenye kigoda na kuipigilia msumari juu ya Desemba, juu ya ule mti mweupe.

"Nimemfanya mama wa ubatizo wa mwanangu," alisema, bado ameipa karakana mgongo. "Nimemtumia kahawa kila mwaka. Na neno la mwisho analoniachia ni kwamba huchelewa."

"Kila mwaka," alisema Ubaldina. "Umeruka. Isome tena kutoka mwisho, uone inaishia na neno gani."